Seli Zimegoma Kutandaa: Chunguza Ayoni Kabla ya Kuushtaki Mfereji

Fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, zikiwa na afya hazihitaji kubembelezwa. Unazidondosha kwenye kisahani kilichopakwa fibronektini, protini ambayo seli huishikilia, unakirudisha kwenye inkubeta ya nyuzi 37, na baada ya robo saa hivi ukikitikisa, nyingi hazisogei tena. Kati ya nusu saa na saa mbili zimetandaa: kile kiduara kilichokuwa kinang'aa chini ya hadubini kimekuwa yai la kukaanga, kiini katikati na ukingo mwembamba ambao huuoni mpaka urekebishe mwanga. Zikigoma, sisi tunaochunguza mifereji ya ayoni, yaani vijitundu vya protini vinavyopitisha ayoni kwenye utando wa seli, tuna tabia ya kumtafuta mchawi palepale, na mchawi huwa ni mfereji tunaouchunguza. Mara nyingi hahusiki.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi na mafundi wa maabara za Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu mwinuko na baridi ya huku vina mambo yao ambayo kijikaratasi cha kwenye boksi la vitendanishi hakiyataji.

Kwanza tenganisha kazi mbili za ayoni. Zilizo nje ya seli zinazigusa protini za kushikia moja kwa moja: integrini haiwezi kuishika fibronektini bila magnesiamu au manganisi, na kadherini, zinazoshikanisha seli na seli, hulegea kalsiamu ikiondolewa. Zinazoingia ndani kupitia mifereji zina kazi nyingine kabisa. Hizo ndizo zinazoisukuma aktini na mayosini, protini zinazoipa seli umbo na mwendo, na ndizo zinazowasha vimeng'enya vya kukata vishikizo vilivyokwisha kujengwa. Kwenye DMEM, mojawapo ya midia (maji ya lishe ya seli), kalsiamu ya nje ni milimola 1.8, ndani ya seli iliyotulia ni nanomola 100 hivi, yaani pungufu mara 18,000. Kwa hiyo seli kuwa duara kunaweza kuletwa na kalsiamu kidogo mno nje au kalsiamu nyingi mno ndani, na ukitibu moja kwa dawa ya nyingine utaziua.

Hazishiki kabisa, zinaelea

Hapa mfereji wa ayoni uwe wa mwisho kushukiwa. Anza na tripsini, kimeng'enya tunachong'olea seli kwenye chupa.

Tripsini ya kawaida huja na EDTA, kemikali inayofunga kalsiamu, milimola 0.53 kwenye chupa nyingi. Tuseme umechukua mililita 1 ya hiyo, ukachanganya na mililita 4 za midia ya RPMI isiyo na seramu, bila kuzungusha kwenye mashinepewa (sentrifuji). RPMI ina kalsiamu milimola 0.42 tu. Baada ya kuchanganya unabaki na kalsiamu kama 0.34 na EDTA kama 0.11, maana yake karibu theluthi ya kalsiamu imefungwa kabla seli haijagusa kisahani. Ukifanya hivyohivyo kwa DMEM hutaona tofauti kubwa, na ndiyo maana mtu aliyehama kutoka midia moja kwenda nyingine anaapa kwamba hakubadilisha kitu. Zungusha seli, mwaga maji ya juu, weka midia safi.

Tripsini iliyokaa muda mrefu nayo hukata integrini zenyewe, pamoja na vipande vya mifereji vilivyochomoza nje ya utando. Seli zilizoungua namna hiyo huhitaji nusu saa au zaidi za kupumzika ndani ya midia yenye joto, zikiwa bado zinaelea, ndipo zipelekwe kwenye jaribio. Tripsini iliyodhoofika nayo ina madhara yaleyale kwa njia ya kuzunguka: haing'oi seli upesi, basi mtu anaiacha dakika 10 badala ya 3, halafu anaanza kugongagonga chupa. Boksi la vitendanishi linalotoka Dar es Salaam kwa basi linapita Mikumi, linapanda Kitonga, linakaa Makambako, zaidi ya kilometa 800 barabarani. Barafu ikiisha njiani, tripsini inaanza kujila yenyewe. Ukipokea boksi, gusa chupa kabla ya kusaini.

Kama tripsini haina kosa, andaa visahani vitatu: kimoja cha fibronektini, kimoja cha polilisini, kimoja cha albumini peke yake, protini ambayo seli hazipaswi kuishika. Polilisini hushika seli kwa chaji ya umeme, haihitaji integrini. Seli zikishika polilisini na kukataa fibronektini, huenda tatizo liko kwenye integrini au kwenye upakaji wako. Hapo ongeza manganisi, milimola 0.5 hadi 1, kwenye kisahani kingine cha fibronektini. Manganisi huziamsha integrini kutoka nje bila kungoja amri ya seli. Zikishika sasa, integrini zipo ila zilikuwa zimelala, na hapo ndipo swali la mifereji linapoanza kuwa na maana. Zisiposhika, rudi kwenye fibronektini yako au kwenye tripsini. Zikishika hata albumini, albumini yako haikufunika kisahani na jaribio lote halina kontroli.

Tahadhari moja: usiweke manganisi kwenye jaribio la Fura-2, rangi ya kupimia kalsiamu. Manganisi huingia kupitia baadhi ya mifereji ya kalsiamu na kuizima rangi hiyo, nawe utasoma kuzimika kwa rangi kana kwamba ni kalsiamu inayotembea.

Zinashika lakini zinabaki duara

Hili ndilo tatizo la huku kwetu hasa, na lina sababu mbili ambazo mtu wa Dar hazifikirii: hewa nyepesi na baridi.

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa iko chini kidogo, Njombe juu zaidi. Kwenye mwinuko wa Mbeya shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82 au 83, wakati pwani ni 101. Inkubeta inapoweka kabonidayoksaidi asilimia 5, ni asilimia 5 ya hewa iliyo nyepesi, na kinachoamua pH ya midia ni shinikizo la gesi hiyo, asilimia peke yake haitoshi. Hesabu ya kawaida ya bikaboneti inaonyesha midia hupanda pH kwa karibu 0.1 kuliko pwani. DMEM yenye bikaboneti gramu 3.7 kwa lita tayari ilikuwa juu, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya gesi asilimia 10: kwa asilimia 5 pwani inatoka karibu 7.7, hapa karibu 7.8. Midia inaonekana ya waridi iliyokoza, ikielekea zambarau, hata baada ya kulala ndani ya inkubeta usiku kucha.

Kwa nini hilo liguse kutandaa? pH ya nje hubadilisha nguvu ya integrini kushika. Mifereji yenyewe nayo husikia pH: Piezo1, kwa mfano, hudhoofika kwenye asidi. Tena midia ikiwa na alkali nyingi, kalsiamu na fosfati huanza kuungana na kuanguka chini kama vumbi, na sehemu ya kalsiamu huru inapotea bila wewe kupunguza kitu.

Dawa inayotajwa ni kupandisha gesi hadi asilimia 6.2 hivi. Usiikimbilie. Kihisio cha infraredi kimsingi huhesabu molekyuli za gesi zilizopita mbele yake. Kama kilisawazishwa pwani na hakirekebishi shinikizo, kinaposema 5 huenda tayari kimekupa kiasi cha pwani. Kihisio cha kupima upitishaji wa joto kina tabia tofauti. Mashine mbili za maabara moja zinaweza kuonyesha namba ileile na zikatoa midia mbili tofauti. Weka mililita 10 za midia kwenye kisahani usiku kucha, mfuniko ukiwa umelegea, asubuhi itoe na uipime pH ndani ya dakika moja, kabla gesi haijatoka. Rekebisha gesi mpaka pH iwe unayoitaka, kisha andika namba hiyo kwenye utepe juu ya mlango wa inkubeta. Maana ya namba hiyo kwa mashine ya maabara jirani ni sifuri.

Sasa baridi. Juni na Julai, asubuhi, chumba kisicho na hita huku kinaweza kuwa nyuzi 14 au 15, na meza ya hadubini ni chuma. Seli iliyotolewa kwenye nyuzi 37 na kuwekwa juu ya chuma hicho inaacha kutandaa mara moja; kwenye nyuzi 4 seli nyingi hugusa kisahani kwa ulegevu na haziendelei hata kidogo. Mifereji nayo husikia joto. Mfereji wa TRPV4 hufanya kazi vizuri kwenye joto la mwili na hutulia kwenye baridi. TRPM8, mfereji uleule unaojibu mentoli, hufunguka joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi, na seli kadhaa za saratani ya tezi dume zinao. Kwa hiyo kisahani kilichokaa dakika 10 juu ya meza baridi kimefunga mfereji mmoja na pengine kufungua mwingine, na wewe bado hujaweka dawa yoyote.

Kama hakuna meza ya hadubini yenye joto, boksi la katoni lililozungushwa hadubini na hita ndogo ya upepo ndani yake hufanya kazi, mradi uache kipimajoto mahali kisahani kinapokaa na ungoje saa nzima kabla ya kuanza. Nje ya inkubeta gesi inatoka, basi tumia midia yenye HEPES, kemikali ya kutuliza pH, milimola 10 hadi 25.

Kuna sababu nyingine ya kubaki duara ambayo haina uhusiano na mwinuko: umepaka polilisini ukidhani umepaka fibronektini. Hutokea kwenye friji yenye mirija midogo iliyoandikwa kwa kalamu inayofutika.

Zilitandaa vizuri, kisha zikajikunja

Hapa sasa mifereji ina la kujibu.

Kushika si kitendo cha mara moja. Seli hujenga vishikizo mbele na kuvivunja nyuma muda wote, na uvunjaji huo unaongozwa kwa sehemu kubwa na kalsiamu. Kalsiamu ikipanda, kimeng'enya cha kalpeini huikata talini, protini inayounganisha integrini na aktini. Ikipanda kidogo, mahali padogo, seli inatembea. Ikipanda kila mahali, vishikizo vinakatika kwa pamoja na seli inarudi kuwa duara.

Mifereji miwili ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Piezo1 hufunguka utando unapovutwa. Ilitambuliwa mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius kwa kazi ya vipokezi vya joto na mguso. Seli inayotandaa inauvuta utando wake mwenyewe, na ukiongeza mtiririko wa pipeti kwa haraka unauvuta zaidi. Mtu anayebadilisha midia kwa kuimwaga katikati ya kisahani anaifungua Piezo1 kwa mkono wake. Elekeza ncha ya pipeti ukutani mwa kisahani, polepole.

TRPM7 ni wa ajabu zaidi: ni mfereji na kimeng'enya kwa pamoja, hupitisha kalsiamu na magnesiamu, na mkia wake huongeza fosfati kwenye mayosini. Ukiingiza TRPM7 ya ziada kwenye seli za HEK-293, za figo ya binadamu, zinakuwa duara na kung'oka, na kalpeini ndiyo inayohusika. Ukiipunguza TRPM7, seli zinashika kwa nguvu zaidi na vishikizo vinaongezeka. Wengi wanaipata picha hii kinyume, wakidhani kwamba mfereji ukihusika na kushika basi ukiuondoa seli zitaanguka.

Kutofautisha ni rahisi kama una Fluo-4, rangi nyingine ya kupimia kalsiamu. Pakia rangi, piga picha kabla na wakati wa kujikunja. Kalsiamu ikipanda kabla ya ukingo kurudi nyuma, fuata mifereji. Ukingo ukirudi kwanza na kalsiamu ikafuata, mfereji umeitikia tu. Kalsiamu isipobadilika kabisa, angalia baridi, mwanga mkali wa taa yenyewe (rangi hizi zikimulikwa sana huzalisha sumu), au PBS. PBS ni maji ya chumvi ya kuoshea seli, nayo yapo ya aina mbili, yenye kalsiamu na magnesiamu na isiyo nazo, na chupa zinafanana. Ukiosha seli kwa ile isiyo nazo na kuziacha dakika 10 ukijibu simu, zitaachana zenyewe.

Umeweka kizuizi cha mfereji na hakuna kilichobadilika

Mazungumzo haya husikika kwenye karibu kila maabara inayoanza kazi hii:

"Dada, gadolini haifanyi chochote. Nimeweka maikromola 30, seli zinatandaa kama kawaida."

"Umeiyeyushia wapi?"

"Kwenye PBS, halafu nikaiongeza kwenye midia."

"Basi hukuweka gadolini, mdogo wangu. Umeweka vumbi."

Gadolini, metali inayoziba mifereji ya mvuto wa utando, hushikana na fosfati na kaboneti na kuanguka chini. PBS ina fosfati, midia ina fosfati na bikaboneti, seramu ina albumini inayoikamata iliyobaki. Kinachofika kwenye mfereji ni karibu na hakuna. Tumia maji ya chumvi yenye HEPES, bila fosfati, bikaboneti wala seramu, kwa muda mfupi wa jaribio.

Kisha angalia kosa la kinyume, ambalo nadhani limeharibu data nyingi kuliko gadolini: kizuizi kilikuwa ndani ya midia tangu mwanzo. Streptomaisini huziba mifereji inayofunguliwa na mvuto wa utando, na jentamaisini nayo vilevile. Mchanganyiko wa kawaida wa penisilini na streptomaisini huwekwa ili streptomaisini iwe maikrogramu 100 kwa mililita, kiwango ambacho kimetumika kwenye majaribio kama kizuizi cha mifereji hiyo. Kama kontroli yako nayo imezibwa, bila shaka kizuizi cha pili hakitaonyesha tofauti. Ondoa viuavijasumu angalau siku moja kabla ya jaribio lolote la Piezo1 au wenzake. Ukiogopa bakteria, boresha usafi wako.

GsMTx4, peptidi iliyotokana na sumu ya buibui na inayoziba mifereji hiyo, hunata kwenye plastiki. Ukiigawa kwenye mirija mingi yenye kiasi kidogo sana, sehemu inabaki ukutani. Yoda1, kinachoifungua Piezo1, hakiyeyuki vizuri kwenye maji; ukiona vijiti vidogo vinavyong'aa chini ya hadubini, hiyo ndiyo dawa yako imelala chini.

Kizuizi kimezuia kila kitu

Mara nyingi ni ukolezi. Kizuizi cha 2-APB hugusa mifereji mingi tofauti, na rutheni nyekundu huziba mifereji mingi ya familia ya TRP pamoja na Piezo. Matokeo ya dawa moja ya namna hiyo hayakuruhusu kuutaja mfereji kwa jina. DMSO, kiyeyushio cha dawa hizi, iwe asilimia 0.1 au pungufu, na kontroli iwekewe kiasi kilekile.

Vizuizi vya potasiamu vinahitaji uangalifu wa pekee. Mifereji ya potasiamu huifanya ndani ya seli iwe na chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayoivuta kalsiamu iingie. Ukiziba potasiamu, kwenye seli isiyo ya msuli wala neva unapunguza mvuto wa kalsiamu kupitia mifereji mingine yote, na kwenye seli yenye mifereji ya volteji unaweza kuifungua. Dawa moja, majibu mawili. Juu ya hayo, mifereji mingine ya potasiamu inashikana na integrini moja kwa moja: hERG1 na Kv1.3 zote zimekutwa pamoja na integrini za beta-1, na kufunguka kwa Kv1.3 kwenye seli T kuliziamsha integrini hizo zishike fibronektini. Kwa hiyo kabla ya kusema "kalsiamu", pima kalsiamu.

Leo zinatandaa, kesho hapana

Maikoplazma, vibakteria vinavyojificha kwenye seli: pima, na ukizikuta mwaga kila kitu. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: geji inayosoma pauni 15 kwa inchi ya mraba pwani ni nyuzi 121, ila huku unahitaji karibu 18 kufika hapo, basi ongozwa na kipimajoto, geji iache. Wingi wa seli: hesabu kila mara, kwani seli zilizobanana hutandaa kidogo.

Ukavu ndio unaosahaulika. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya huku ni kavu, trei ya maji ya inkubeta inakauka upesi, na midia ya visahani vya pembeni inapungua. Chumvi inapanda kupita osmolaliti ya kawaida ya miliosmoli 280 hadi 320 kwa kilo. Seli zinasinyaa kidogo. Halafu mtu anaongeza midia mpya, seli zinavimba ghafla, na uvimbe huo hufungua TRPV4 na mifereji ya kloridi ya LRRC8, ile iliyotambuliwa mwaka 2014 kuwa ndiyo inayodhibiti ujazo wa seli. Visahani vya katikati vinakupa jibu moja, vya pembeni jingine. Jaza trei kila asubuhi, na pembeni weka maji matupu yasiyo na seli.

Ukishavuka yote haya na bado seli zinakataa, ndipo upunguze jeni la mfereji wenyewe, kwa mfuatano wa RNA wa aina mbili tofauti, kila mmoja ukipimwa kivyake. Andika utabiri wako kabla: ukipunguza TRPM7 unategemea seli zishike zaidi. Zikilegea, ongeza magnesiamu kwenye midia na urudie, maana seli za kuku za DT40 zilizonyimwa TRPM7 huacha kukua mpaka zipewe magnesiamu ya ziada, na seli iliyodumaa haitandai kwa sababu ambazo hazina uhusiano na vishikizo.